Kibakuli Kilichojaa

Inobat hakuwahi kulia kwenye filamu. Enzi hizo tulikuwa wasichana wa kiwanda cha hariri hapa mjini Margilan, na kila Jumamosi tukitoka kazini, mikono bado ikinuka hariri iliyochemshwa, tulikwenda moja kwa moja kwenye sinema ya bustanini, ile isiyo na paa. Filamu zetu zilikuwa za Kihindi. Waigizaji walisemeshwa Kirusi, nyimbo zikaachwa kama zilivyo, nasi tukalia kwa lugha zote mbili. Inobat alikaa katikati yetu akitafuna mbegu za alizeti. Mama kipofu kwenye filamu alipomtambua mwanawe kwa kumpapasa uso, Inobat aliuliza, kwa sauti iliyofika safu ya mwisho, kwa nini hakumpapasa mapema, na filamu nzima wameishi mtaa mmoja.

Lakini hukumu yenyewe ilitolewa kwenye kikao chetu. Kila mwezi tulikutana kwa zamu nyumbani kwa mmoja wetu, tukala pilau na kupiga soga, kama wanavyofanya wanawake wote wa hapa na marafiki wa ujana wao. Wengine huwasema wakwe zao; sisi tulizisema filamu. Inobat ndiye aliyeshika birika, hata asipokuwa mwenyeji. Kwetu chai hunywewa kwa vibakuli, na mgeni wa heshima humiminiwa kidogo tu, apate sababu ya kuomba tena. Ukijaziwa kibakuli hadi ukingoni, umeambiwa bila maneno kwamba viatu vyako viko mlangoni. Basi ukisema neno la maana juu ya filamu, Inobat alikumiminia kidogo. Ukisifia upuuzi, alikijaza. Mimi nilijaziwa miaka nenda miaka rudi, maana nina moyo laini na sioni haya. Nilikasirika kila mara, na leo hakuna ninachokikumbuka kwa raha kuliko hicho.

Sinema ya bustanini ilivunjwa, pakajengwa ukumbi wa harusi. Tukahamia kwenye kanda za video, kisha madishi, kisha wajukuu wakatuwekea filamu kwenye simu, unamtazama shujaa akifa naye hazidi kidole gumba. Kikao hakikukatika, ingawa tumebaki watatu: mimi Saodat, Inobat, na Hursanoy, ambaye sikio moja halisikii na la pili husikia linalotaka.

Majira ya theluji yaliyopita Ergash, mume wa Inobat, alifariki. Mimi na Hursanoy tukapatana tumwonee huruma mwenzetu. Filamu zenye mauti hatukuzitaja, zenye wajane pia hatukuzitaja. Ukishaziondoa hizo, hakuna kinachobaki. Hursanoy alimaliza kikao kizima akisimulia filamu ya mashindano ya mapishi. Inobat alisikiliza, akasema, "Nzuri." Mwezi uliofuata mimi nikasimulia ya tembo aliyetoa ushahidi mahakamani. "Nzuri," akasema, akanimiminia chai kidogo. Nikaitazama ile chai, nikahuzunika kweli. Tembo, jamani, mahakamani, na mwenzangu ananipa heshima.

Zabibu zilipoanza kuiva, zamu ikawa yangu. Hata pilau haijapakuliwa, Inobat, huku akimega mkate, akatuambia tusimhesabu tena kikaoni. Alisema hana cha kuchangia, filamu zote siku hizi anaziona sawa. Hakusema kwa uchungu. Ungedhani anatuambia ameacha kutia sukari kwenye chai. Hursanoy akaanza kuitikia kwa upole kwamba apumzike tu, tunaelewa, na hapo hasira zikanipanda. Huruma yetu ndiyo iliyokuwa ikimzika huyu, na bado tulikuwa tunaongeza udongo.

"Sawa," nikasema. "Ila kwanza niwape filamu niliyoiona juzi."

Ilikuwa ya mume aliyekufa. Hursanoy alinifinya paja, nikaendelea. Mume anakufa, kisha kila asubuhi anamrudia mkewe kama upepo. Anafungua dirisha, anaweka ua juu ya mto, ananong'ona mashairi. Mke anazunguka kwenye jumba kubwa na sari yake nyeupe, analia na wanja hauchuruziki. Sijapata kuona filamu mbovu kama ile, wallahi.

"Sijaona ukweli kama ule," nikasema. "Ndivyo mume anavyorudi, shoga yangu. Na ua."

Inobat alikuwa ameshika birika hewani. "Na ua?"

"Waridi. Lenye umande."

"Saodat, miaka yote hii umeolewa na mwanamume au na picha ya kalenda?" Akalitua birika. "Ergash akirudi hatafungua dirisha. Atauliza nani kaliacha wazi, vumbi linaingia. Atauliza bisibisi yake iko wapi. Mashairi, eti. Mimi usiku nilinong'onezwa neno moja tu maisha yangu yote: sogea."

Hursanoy alicheka, kisha akaziba mdomo. Inobat hakuwa amemaliza. Alitaka kujua ile sari nyeupe anaifua nani. Alitaka kujua mjane gani huyo asiye na majirani wa kumletea supu asiyoitaka na kumwambia kila kitu ni kizuri. Kidole chake kilikuwa usoni pangu kama zamani, nami nilifurahi hata nikaona aibu. Kisha sauti yake ikashuka.

"Na harudi," akasema. "Hilo ndilo ambalo filamu yako ingesema kama ingekuwa na akili. Kila usiku nasogea mwenyewe, na harudi."

Akalia. Inobat, aliyewatazama akina mama vipofu wote wa bustanini kwa macho makavu, alilia mbele ya mkate na zabibu, nasi tukalia naye, wala hatukumwambia anyamaze.

Baadaye alijifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akashika birika tena. Alinimiminia. Chai ikapita nusu, ikafika ukingoni, ikamwagikia kitambaa changu cha meza cha sikukuu, naye bado anamimina.

"Upuuzi mtupu," akasema. "Mwezi ujao ni zamu yangu. Mje na filamu ya maana."

Kibakuli kilikuwa kimejaa mno kuinuliwa. Niliinama nikakinywa pale pale kilipokuwa.