7805

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye sauti kubwa.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, aliingia karakanani kwangu na bodi ya umeme ya mashine yake ya kuangulia vifaranga. Joto lilikuwa limekatika. Mayai yalikuwa ndani, vifaranga wa kwanza wameanza kudonoa maganda, na yeye hana mume wala shamba. Anakula kwa vifaranga hao.

"Fanya haraka, shemeji. Nimeyafunika blanketi."

"Blanketi? Basi yatatoka yakikoroma."

Wateja kwenye benchi wakacheka. Nikashika lenzi. Transista inayoendesha hita ilikuwa imeungua, na jina lake mgongoni limekwanguliwa kwa msasa. Huo ni uchawi wa mafundi fulani: unafuta namba ili mteja asipate wa kumtengenezea ila wewe.

"Mwizi gani kakufanyia hivi?" nikapaza sauti, benchi lisikie. "Huyu hata mama yake humficha chumvi! Mkono wake ukauke!"

Shemeji akafungua mdomo, akaufunga.

"Tena mpumbavu, kakwangua nusu."

Mstari wa chini ulikuwa umebaki: 7805. Namba hiyo fundi huijua hata usingizini, kidude cha miguu mitatu cha kushusha umeme hadi volti tano. Kilikuwa kinatafuta nini kwenye hita? Nilijiuliza kidogo, lakini benchi lilikuwa linanitazama. Nikatoa kipya, nikalehemu, akaenda nacho mbio.

Kesho yake akaja na beseni, akalitua juu ya vyombo vyangu. Hita iliwaka, ikakataa kuzima. Midomo midogo ilikuwa imetoboa maganda, ikaivia hapo hapo.

Nikamwaga kopo la vipuri nilivyong'oa zamani kwenye mitambo ya simu iliyotupwa. Ndugu za ile transista iliyoungua wakajaa mezani. Mstari wa juu, jina la kiwandani lisilojulikana tena na mtu. Mstari wa chini, 7805: mwaka wa sabini na nane, wiki ya tano. Nilikuwa nimesoma tarehe ya kuzaliwa nikadhani ni jina. Na kopo hilo mtaa mzima ninalo mimi tu. Msasa pia ulikuwa wangu.

Mtu mwenye haya angenyamaza.

"Kumbe ulijua ni mimi niliyekwangua?"

"Si nilikushikia tochi ulipoitengeneza mara ya kwanza? Ukacheka, ukasema, 'Sasa hutanikimbia.'"

"Basi kosa ni lako! Jana nimeuliza mwizi ni nani, mbele za watu, ukanyamaza. Kwa nini?"

Akachagua yai moja kwenye beseni, akaniwekea kiganjani. Lilikuwa bado na moto.

"Ulikuwa unamtukana vizuri, shemeji. Nikaona vibaya kukukatiza."