Utepe wa Wodi ya Wazazi

Asubuhi ya uzinduzi mkunga aliuchemsha mkasi kama alivyozoea, akaukausha, akaulaza juu ya trei iliyotandikwa kitambaa cheupe. Zahanati nzima haikuwa na mkasi mwingine, na kamati ya sherehe, iliyokumbuka maua, turubai na kipaza sauti, ilikuwa imesahau kununua wake.

"Akishakata mnirudishie papo hapo," alimwambia mlinzi. "Nina mzazi kibarazani, uchungu umeshamkaba."

Mlinzi aliipokea trei kwa mikono miwili. Alikuwa mzee mnyoofu, na watu walimwita Komeo kwa kuwa hajawahi kumfungulia mtu mlango bila idhini, hata mkewe. Nyuma yake ilisimama wodi mpya ya wazazi, yenye kitanda cha kujifungulia ambacho bado kilikuwa kimevikwa nailoni. Mlangoni ulikuwa umevutwa utepe mwekundu. Wodi ya zamani ilikuwa kibaraza cha zahanati, kikiwa kimezibwa kwa shuka.

Mgeni rasmi alihutubia, akaukata utepe, watu wakapiga makofi. Utepe ukaungana. Haukufanya haraka wala haukujificha. Ncha zake mbili zilitafutana hewani kama mikono ya wazee wanaotaka kusalimiana, zikashikana, na pale zilipokutana hapakubaki alama. Mgeni rasmi alikata tena, safari hii akaondoa kipande kizima. Kipande kilianguka, na utepe ukarefuka hadi kuliziba pengo.

"Kitambaa hiki kina ubora," alisema, akatazama saa yake, akaahidi kumleta mkubwa wake.

Mkubwa wake alikuja, naye akakata. Baadaye alikuja mkubwa wa mkubwa wake, pamoja na bendi, akaahidi kumleta waziri. Wote walikata, wote walipigiwa makofi, na mlango ukabaki vilevile. Dawa, tangi la maji na mkunga wa pili vilikuwa vimetengewa wodi mpya, lakini utaratibu ulikuwa wazi: wodi ambayo haijazinduliwa haipelekewi kitu.

Mkunga hakulalamika sana, maana bandeji zilikuwa zimekwisha siku nyingi. Aliviokota vipande vya utepe, akavichemsha, akavianika kambani, akavitumia. Muda si mrefu kila mwenye kidonda alikuwa akitembea na fundo jekundu mguuni, na siku ya mnada wanakijiji walionekana kama zawadi zilizokosa wa kuzipokea.

Utepe wenyewe ungeweza kuinuliwa kwa kidole. Mbuzi wa jirani alipita chini yake kila siku, akalala wodini hadi jua lilipopungua makali. Komeo alimvumilia kwa hoja kwamba mbuzi hakusoma.

"Mzee, mimi nazalisha watu nje," mkunga alimwambia. "Mvua ikinyesha, mtoto anatoka keshaogeshwa."

"Sikusema mvua ni jambo jema. Nimesema mlango haujazinduliwa."

"Na mzazi akinifia?"

"Nitasikitika sana," alijibu Komeo, na alisema kweli.

Ndipo zamu ya mkazamwana wake ikafika. Alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Alifika mchana, mawingu yakiwa yameshuka hadi juu ya paa. Mkunga alimpapasa tumbo, akampapasa tena, kisha akatoka kibarazani bila utani.

"Mtoto amekaa kombo. Nahitaji kile kitanda kinachoinuka, na nahitaji pakavu. Hapa nitawapoteza wote wawili."

Komeo alisimama wima mbele ya utepe.

"Baba," mkazamwana aliita, amekumbatia nguzo, "nizae, au nimsubiri waziri?"

"Waziri ameahidi kuja baada ya mavuno."

"Huyu hana habari za mavuno, baba."

Matone ya kwanza yakaanguka. Komeo aliliacha lindo lake na kulizunguka jengo lote, polepole, mikono nyuma, kama mwalimu anayesimamia mtihani. Aliporudi uso wake ulikuwa umetulia.

"Siku ile mgeni rasmi alitamka nini? Alisema, 'Ninaufungua mlango huu.' Madirisha hakuyataja."

"Mzee, mahubiri baadaye. Lete kitu cha kupandia."

Komeo aliingia stoo, akatoka na kiti chenye mto na mapambo, ambacho yeye mwenyewe alikuwa akikifunika kwa shuka kisipate vumbi. Alikiweka matopeni chini ya dirisha.

"Baba, hiki si cha mgeni rasmi?"

"Panda, mwanangu. Mgeni rasmi unaye wewe."

Alipanda. Katikati ya dirisha alikwama kama godoro kwenye ngazi nyembamba. Mkunga, aliyekuwa ameshatangulia ndani, alivuta. Komeo aligeuza uso kwa heshima, akasukuma kwa mgongo. Mbuzi akapisha kitanda.

Mvua ilikuwa ingali inanyesha mtoto alipolia. Alikuwa wa kike. Mkunga alikifunga kitovu kwa utepe uliochemshwa, akakikata kwa mkasi wake, kisha akangoja kidogo aone kama nacho kitaungana. Hakikuungana, naye akaendelea na kazi.

Tangu siku hiyo wazazi wote waliingilia dirishani, na Komeo aliendelea kuulinda mlango kwa uaminifu uleule. Waziri alikuja baada ya mavuno kama alivyoahidi. Alikata utepe, nao ukaungana. Kabla makofi hayajaisha, kilio cha kichanga kilisikika kutoka ndani.

"Kuna mtoto humo?" waziri aliuliza.

"Yumo, mheshimiwa," alijibu Komeo.

"Lakini wodi haijafunguliwa."

"Haijafunguliwa, mheshimiwa."

Waziri aliridhika na jibu hilo. Mkunga alisogea mbele, akaomba dawa, maji na mwenzake wa kazi.

"Vyote vipo tayari, mama," waziri alimhakikishia. "Vinasubiri ufunguzi tu." Akaahidi kwamba mwakani utaletwa mkasi mkubwa zaidi, na watu wakampigia makofi hadi garini.

Komeo aliunyoosha utepe pale ulipojikunja kidogo, akasimama pembeni ya mlango wake. Mkunga aliokota kipande kilichoanguka, akachukua mkasi kwenye trei, akazunguka upande wa dirishani, ambako walikuwa wakimwita.