Mvuke wa Pasi Katika Nyumba ya Kumi na Saba

Jumatatu asubuhi, kabla chai ya ofisini haijachemka, fundi aliketi mbele ya mashine ya nne, akafungua mchezo wa mbio za magari na kutazama namba iliyo pembeni mwa kioo. Fremu tisini, yaani picha tisini, kwa sekunde. Magari yalikata kona kama yamepakwa mafuta. Kisha akavaa miwani, akawasha macho mawili, na namba ikaporomoka hadi thelathini na moja. Magari yakaanza kurukaruka, mara yapo mara hayapo, na tumbo likamchafuka.

Macho mawili ndilo jina walilolitumia wote pale kampuni. Ukiwasha hali hiyo, mashine huchora kila picha mara mbili, moja ya jicho la kushoto na nyingine ya jicho la kulia, zikiwa zimepishana kidogo, na kutokana na tofauti hiyo mtazamaji huona kina: ukuta uko karibu, kilima kiko mbali. Kazi ikiwa mara mbili, fremu hupungua nusu. Hilo hata mfagizi wa ofisi alilijua. Lakini nusu ya tisini ni arobaini na tano. Fremu kumi na nne zilikuwa zinaliwa na kitu, na meneja alitaka kitu hicho kipatikane na kuondolewa kabla ya Ijumaa jioni, saa ya kukabidhi mchezo.

Fundi alianza na yale ya kawaida. Alisafisha feni. Alibadilisha waya, akaazima miwani ya meza ya jirani, akachomoa kadi ya picha kwenye mashine ya tisa na kuipachika kwenye ya nne. Thelathini na moja. Alipunguza vivuli, akazima mng'ao wa vioo vya magari, mwishowe akaondoa mawingu yote angani. Thelathini na moja, na anga tupu juu.

Jumanne alifungua orodha ya mzigo, ambayo huonyesha kila kitu kinachochorwa na mashine, kizito kikiwa juu. Juu kabisa yalipaswa kuwa magari. Badala yake palikuwa na mvuke. Chini ya mvuke palikuwa na vitambaa vinavyopepea. Vyote viwili vilikuwa kwenye nyumba ya kumi na saba, barabara ya mzunguko wa tatu. Kila fundi wa michezo anajua kwamba hakuna kitu kizito kuchora kama mvuke, na kinachoufuata ni kitambaa kwenye upepo. Ila mchezo ule haukuwa na mvuke wala kitambaa. Hakuna mtu aliyeviweka.

Aliegesha gari lake la mchezo kando ya barabara, akashusha pumzi na kutazama.

Barabara hiyo aliijua tangu siku ya kwanza alipoajiriwa, na alikuwa amenyamaza. Ulikuwa mtaa alikozaliwa. Miaka miwili nyuma ulibomolewa kupisha mradi ambao hadi leo ni uzio wa mabati na majani yaliyofika kiunoni. Siku nane kabla ya matingatinga, watu wenye kamera walipita nyumba kwa nyumba wakisema wanapiga picha za tathmini, ili kila mtu alipwe fidia yake. Wenyeji wakafagia nyua, wakavaa nguo za kutokea, wakafungua milango. Mama yake fundi alimpigia simu siku ile, sauti imechangamka. "Nimewafungulia hata kabati," alisema. Na fundi akamjibu, "Vizuri, mama. Usiwafiche kitu."

Lilikuwa changa la macho. Picha zilikuwa za mchezo wa magari.

Kwa jicho moja, nyumba zile zilikuwa picha zilizobandikwa kwenye kuta bapa, milango ikiwa rangi tu. Kwa macho mawili milango ilikuwa na kina, na ndani ya kina hicho watu walikuwa wanaishi. Kinyozi wa kona alikuwa ananyoa. Mlinzi mstaafu alikuwa anatafuta stesheni kwenye redio. Baadhi yao walikuwa hai bado, wamepanga vyumba huku na kule, na baadhi walikwisha kufa. Mashine haikuwabagua, uzito wao ulikuwa ule ule. Katika nyumba ya kumi na saba mama alikuwa anapiga pasi mashuka ya hoteli, kazi aliyoifanya maisha yake yote, na uani mashuka mengine yalikuwa yanapepea. Alifariki miezi tisa baada ya bomoabomoa, katika stoo ya mdogo wake, kati ya magunia ya saruji.

"Umekonda," mama alisema, bila kuinua uso.

"Kazi, mama."

"Umekula?"

"Nitakula."

"Basi vua hayo mamiwani ukale kwanza."

Fundi hakuyavua. Alitazama jinsi mama anavyokunja, pembe zikiingia ndani kwanza, kisha ubavu juu ya ubavu. "Magari hayakusumbui?" aliuliza.

"Haya yanapita dakika tatu, yanaondoka. Yale ya mara ile hayakuondoka."

Jumatano fundi alipeleka taarifa kwa meneja. Meneja aliisoma hadi mwisho akiwa anakoroga chai.

"Kwa hiyo ni watu."

"Ni watu."

"Kaya ngapi?"

"Mia mbili na kumi."

"Na fremu kumi na nne zote ni zao?"

"Zote. Mvuke wa mama yangu peke yake ni fremu tatu."

"Pole," meneja alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Basi watolewe."

Fundi alikataa. Alimwambia meneja kwamba watu wale walitolewa mara moja tayari, kwa uongo, na uongo huo kampuni hii ndiyo iliyouchapa kwenye vitambulisho vya wapiga picha wake. Alisema anaacha fremu thelathini na moja zibaki thelathini na moja, na mwenye kuchafukwa tumbo achafukwe. Meneja alisikiliza kwa adabu. Kisha akampigia mwanasheria, na mwanasheria akashauri wapewe ilani, kwa kuwa sheria inapenda karatasi. Mchoraji wa mchezo aliambiwa achore kwenye kuta alama za X za bomoabomoa. Aliuliza nyekundu ya aina gani. Wakampa picha ya X zenyewe, zile za mwanzo, zilikuwa bado kwenye faili.

Alhamisi asubuhi fundi aliwahi kazini, akavaa miwani. Kila mlango ulikuwa na karatasi. Kinyozi alikuwa ameisoma, ameikunja, anafutia wembe.

"Mama," fundi alisema, "zile picha hazikuwa za fidia."

"Najua, mwanangu. Naishi ndani yake."

"Mimi ndiye niliyekwambia usiwafiche kitu."

Mama aliinua pasi, akaipima joto kwa kidole kilicholowa mate, akairudisha. Mvuke ukapanda, na pembeni mwa kioo namba ikashuka hadi ishirini na nane. "Ungeniambia niwafiche nini?" alisema. "Nyumba?"

Fundi alilia ndani ya miwani, na miwani ya aina ile haifai kuliliwa ndani yake. Vioo vikafanya ukungu.

"Nataka kitu kimoja tu," mama alisema. "Niambie siku. Mara ile hawakusema siku. Mashuka ya watu yalikuwa kwenye kamba, thelathini na mawili, yakaenda chini ya kifusi. Nikabaki sina hata uso wa kupita mbele ya ile hoteli. Niambie siku, niyaanue."

"Kesho. Saa nne asubuhi."

"Haya. Kesho yatakuwa yamekauka."

Ijumaa saa nne fundi alikataa kugusa kitufe. Alikataa mbele ya ofisi nzima, kwa sauti, na hakuna aliyemfokea. Meneja alivuta kiti, akabonyeza mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga dirisha. Namba ikapanda hadi arobaini na tano na kutulia, na watu wakapiga makofi, kwa sababu walikuwa wamechoka na walitaka kwenda nyumbani mapema. Hakuna aliyeuliza zile kaya zimeelekea wapi. Hata mara ya kwanza hakuna aliyeuliza.

Fundi aliporudi mezani kwake alikuta mashuka juu ya kiti. Yalikuwa thelathini na mawili, meupe, pembe zimeingia ndani kwanza, bado yana joto la pasi. Meneja alipita, akalipapasa la juu.

"Ya nani haya?"

"Ya hoteli."

"Yasikae hapa njiani," meneja alisema, akaenda zake.

Aliyabeba hadi hotelini kwa mafungu mawili. Mhudumu wa mapokezi aliyahesabu, akafungua daftari, akapekua kurasa nyingi kurudi nyuma hadi akapata jina la mama. Aliandika: yamepokelewa yote, yamechelewa miaka miwili. Akamtaka fundi atie sahihi mbele ya neno yamechelewa. Fundi akatia.

Mchezo ulitoka. Walioandika habari zake magazetini waliusifia ulaini wake, hasa kwa macho mawili. Ukauzika, na kampuni ikaamua kutengeneza wa pili. Fundi alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi, lakini habari hiyo aliipata, pamoja na jina la mtaa na siku ya kamera.

Siku hiyo aliwatangulia wapiga picha. Alipita mlango kwa mlango. Nyua zilikuwa zimeshafagiwa, na watu walikuwa wamevaa vizuri. Kwenye nyumba ya kwanza alimkuta mwanamke mwenye umri wa mama yake, anamalizia kufagia kizingiti.

"Picha hizo si za fidia," fundi alimwambia. "Ni za mchezo wa magari. Nimefanya kazi huko. Msifungue."

Mwanamke aliegemeza ufagio ukutani na kulifikiria jambo hilo kwa makini. Hakumwona fundi kuwa mwongo. Mwisho wa barabara, watu wenye kamera walikuwa wanashuka kwenye gari.

"Na tusipofungua, mwanangu," aliuliza, "watajuaje kwamba tulikuwepo?"

Alifungua mlango, akafungua na madirisha. Kisha akaingia ndani, akafungua kabati.