Ndugu wa Mgonjwa Yuko Wapi?

Jana usiku niliota moyo wangu umeamka kabla yangu. Nilipofumbua macho ulikuwa umeketi ukingoni mwa kitanda, mkubwa kama parachichi lililoiva, umejifunga khanga yangu ya kijani, unahema.

"Mama Lusajo, amka," uliniambia. "Tukichelewa tutakuta foleni."

Niliona unasema kweli. Tangu masika yaanze ninamtafuta bingwa wa moyo anayepokea bima ya afya ya serikali. Zahanati walinisikiliza kifua wakasema hili si letu. Bingwa wa kwanza hapokei bima. Wa pili aliwahi kuipokea, akaacha. Mwanangu Lusajo, aliyeniandikisha kwenye bima yake, yuko Mwanza, nami niko huku Tukuyu. Hunipigia simu na kusema, "Mama, usikate tamaa, endelea kuulizia." Basi huwa naulizia, peke yangu.

Nikanawa uso, nikaushika moyo mkono, tukatoka. Kifuani mlibaki wazi, upepo ukipita kama jikoni kusiko na mlango.

Nje hakuna barabara. Mlango wangu unafungukia kwenye ukumbi wa hospitali. Sakafu inang'aa, na mvua inanyesha humo ndani bila kumlowesha mtu. Dirisha la mapokezi linanitazama. Nyuma yake hakuna mtu. Ni dirisha lenyewe linaloongea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bingwa wa moyo yupo?"

"Yupo."

"Anapokea bima?"

"Anapokea, tena kwa mikono miwili."

Machozi yananilengalenga. Natoa kadi. Dirisha linaipokea taratibu, linaipuliza vumbi, kisha linaita machela. Wauguzi wawili wanakuja mbio, wanailaza kadi yangu, wanaifunika shuka mpaka kidevuni, pale kwenye picha, wanaondoka nayo.

"Na mimi je?" nauliza.

"Wewe hatukupokei, mama. Tunapokea bima. Nenda kaitazame kadi yako saa ya kuwaona wagonjwa, na usiende mikono mitupu."

Naenda. Kadi imelala chali wodini. Bingwa, mtu mrefu anayeinama ili asigonge dari, anaisikiliza kifua. Anasema inaendelea vizuri, ila imechoshwa na kukaa kwenye pochi. Muuguzi ananipa bakuli la uji niinyweshe. Niseme kweli: aliupuliza kwanza ukapoa. Hakuna aliyemlazimisha.

"Hujambo?" naiuliza kadi.

"Sijambo, wananitunza. Lakini wewe una sura mbaya leo, mama. Ungekwenda kuonana na daktari."

Moyo unanivuta khanga. Natazama chini, naona umesinyaa. Sasa ni mdogo kama limau.

"Tuondoke," unasema. "Kwa hali hii mimi sitafika mbali."

Nafungua mlango wa wodi, natokea katikati ya shamba la chai. Watu wamekaa juu ya michai kama kwenye mabenchi, kila mmoja na moyo wake mapajani. Mwisho wa mstari kuna nyumba ndogo yenye mlango wa bati. Mlango unakohoa, kisha unatangaza:

"Hapa tunapokea bima, na mwenye bima tunampokea. Sharti ni moja. Mgonjwa wa moyo haingii peke yake. Ndugu wa mgonjwa yuko wapi?"

Kila mtu anaonyesha ndugu yake. Mzee mmoja amekuja na ukoo mzima, hata waliokufa, wamebeba mikeka na ndizi za kupika.

"Wa kwako, mama?" mlango unaniuliza.

"Yuko Mwanza."

"Aje."

"Ni mbali, mwanangu."

"Hawa wametoka makaburini," mlango unasema, bila ubaya.

Nawageukia wale waliokufa. Nawauliza kama hawakuja na mume wangu, Ambakisye.

"Tulimwacha anapalilia," wanajibu. "Anakusalimu sana."

Namjua. Hawezi kuacha magugu katikati. Mstari unasogea, watu wanaingia na ndugu zao, na michai inabaki mitupu mbele yangu. Nautazama moyo. Sasa ni kama punje ya njegere. Naufumbata kiganjani usipate baridi, lakini mkono wenyewe ni wa baridi.

"Dada, keti hapa chini," mtu anasema nyuma yangu.

Ni mwanamke wa makamo, kavaa sweta lililofumwa kwa mkono. Simjui. Ananiketisha katikati ya magoti yake, ananivua kilemba.

"Kichwa hiki anakisuka nani?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe bega linauma, mkono haufiki kisogoni."

"Ndiyo maana kimekuwa hivi, kama kichaka cha kware," anasema, na anatoa uzi mweusi mfukoni. Vidole vyake vina joto. Sikuwa nimejua kwamba kichwa kinaweza kumkumbuka mtu, lakini changu kinamkumbuka mama yangu, na dada zangu wote barazani. Kiganjani nausikia moyo ukipiga.

Mlango unauliza tena, "Ndugu wa mgonjwa huyu yuko wapi?"

"Ni mimi," anasema yule mwanamke, bila kuacha kazi.

"Una undugu gani naye?"

"Namsuka."

Mlango unakohoa tena.

"Inatosha," unasema, na unafunguka.

Ndani kuna daktari mfupi, mikono ya koti imekunjwa. Anakipasha joto kipimo chake kwapani kabla ya kukigusisha kwangu. Anausikiliza moyo, anaurudisha kifuani, anapapasa pale kama mtu anayesawazisha unga.

"Utakuja kliniki," ananiambia. "Huu unatibika."

Nageuka kumshukuru mwenzangu. Anakata uzi kwa meno.

"Nimewahi msuko mmoja tu," ananiambia. "Mengine nitakumalizia Alhamisi. Kliniki ya moyo iko hospitali ndogo ng'ambo ya daraja, nyuma ya jengo la wazazi. Bima wanapokea, na wewe watakupokea. Uniulizie kwa jina la Subilaga."

Nikaamka. Mvua ilikuwa inapiga bati. Kitanda kilikuwa kama nilivyokiacha, upande mmoja umelaliwa na mwingine haujakunjamana. Nikalia kidogo, kwa sababu ilikuwa ndoto.

Asubuhi akapita Mama Tumpe, anayeniuzia maziwa. Nilikuwa sijafunga kilemba. Nilipoinama kuchukua sufuria, alicheka mpaka akatua ndoo.

"Bibi! Ni nani huyo kakusuka msuko mmoja kisogoni akakimbia? Na alivyoukaza kwa uzi! Fundi gani mvivu hivyo?"

Nikasimama, sufuria mkononi. Nilitikisa kichwa polepole, na ngozi ya kisogo ikanivuta.

"Leo siku gani?" nilimuuliza.

"Jumatano."

"Si mvivu," nikamwambia. "Ni ndugu yangu. Atanimalizia kesho."