Sifuri Arobaini na Moja

Habari hii ni ya kweli kuanzia neno hili hadi la mwisho. Imeapiwa mbele ya pasi ya mkaa, na katika duka la Fundi hakuna kiapo kinachokizidi hicho. Sheria ya duka ni moja: chumvi ruksa, uongo marufuku. Anayekamatwa na uongo anapiga pasi nguo zote zilizoshonwa siku hiyo, na pasi yenyewe ina uzito wa mbuzi mwenye mimba. Fundi, mama wa makamo ambaye pini haziondoki mdomoni tangu anapofungua duka, ndiye polisi, ndiye hakimu, na ukitaka kukata rufaa unakata kwake.

Kwenye benchi la duka lile alikuwa akikaa mzee mmoja mstaafu waliyemwita Nukta, kwa sababu kila alipomaliza jambo lake aligonga goti kwa kidole na kusema, "Nukta." Miaka thelathini na mmoja alikuwa karani wa masjala mahakamani: kazi yake kupokea majalada ya kesi, kuyaandika kwenye rejista na kuyagawa kwa mahakimu wanne. Siku ya kustaafu alipewa saa ya ukutani na cheti. Saa ilikufa mwaka wa kwanza. Maneno yake hayakufa. Aliwahi kusimulia habari za wakili aliyezungumza muda mrefu hadi buibui akamfuma utando kutoka sikioni mpaka begani, na Fundi aliamua kwamba hiyo ni chumvi. Miaka kumi na mmoja Nukta hakuwahi kuishika pasi.

"Fundi anampendelea huyu," Dereva alilalamika. Dereva naye alikuwa mstaafu, wa malori ya masafa marefu, na bado alikaa kwenye benchi kana kwamba ameshika usukani. "Mimi nilisema tu lori langu lina gia tisa, nikapigishwa pasi suruali kumi na nne."

"Lilikuwa na gia sita," Fundi alisema katikati ya pini.

"Na buibui je?"

"Buibui hajaja kukana."

Mwaka huo mji mzima ulikuwa na mazungumzo mamoja tu: wahamiaji haramu. Uchaguzi ulikuwa karibu, na mbunge wa pale alikuwa kila asubuhi redioni akiwahesabu watu waliovuka mpaka kama anayehesabu kuku waliomwagika kutoka tenga. Dereva alimsikiliza akitikisa kichwa kukubali. Hakuwa mtu wa chuki. Mwanawe alikuwa ameachishwa kazi kwenye kiwanda cha matofali, na nafasi yake wakapewa watu wawili kutoka ng'ambo kwa mshahara wa mmoja.

"Mpaka ni mpaka," alisema. "Mwanangu yuko nyumbani ananitazama nikila. Nimwambie nini?"

"Mwambie aliyemfukuza ni mwenye kiwanda," Fundi alimjibu. "Huyo mbona hatajwi redioni?"

"Atatajwa."

"Haya. Tunasubiri."

Asubuhi moja mbunge alikuja na jipya. Alisema kwamba mwaka uliopita watu arobaini na mmoja wasio na kitambulisho walifikishwa mahakamani, na wote, bila kukosa hata mmoja, walipelekwa kwa hakimu wa chumba cha nne. Thelathini na wanane akawaachia. Mahakimu wengine watatu hawakuona hata kivuli cha kesi hizo. "Ni sadfa hiyo?" mbunge aliuliza. "Nani anampelekea? Na kwa nini anawapenda hivyo?" Alitaka hakimu huyo aitwe mbele ya kamati ya maadili, na avuliwe kazi.

"Sishangai," Dereva alisema. "Mimi mwenyewe nilipita kwake mwaka jana, ile habari ya taa ya nyuma ya pikapu. Dakika tatu, onyo, nenda nyumbani. Anayeniachia mimi mwenye kosa, hao ataacha kuwaachia?" Akamgeukia Nukta. "Wewe ulikuwa jikoni kule. Kwa nini wote wanaangukia kwake?"

Benchi zima likageuka. Hapo ndipo penye kosa. Nukta hakujua, na mtu aliyezoea kusikilizwa hulikwepa neno "sijui" kama kaa la moto. Ulimi ukatangulia.

"Bibi yake yule hakimu," alianza kwa sauti ya chini, "alivuka mpaka ndani ya kabati la nguo. Kabati la milango miwili, limebebwa na wanaume wanne. Na humo ndani alikuwa amebandika maharage. Walipofika kwenye kizuizi askari akauliza, mbona kabati linafuka moshi? Wakamwambia, ni nguo za bwana harusi, zina joto la mapenzi. Akawafungulia. Sasa mjukuu wa kabati atamfungaje mtu wa ng'ambo? Nukta."

Walicheka hadi Fundi akatema pini. Aliamua kwamba ni chumvi, akarudi kwenye cherehani. Dereva hakucheka sana. Jioni alikuwa na mpwa wake, na mpwa huyo alifanya kazi katika ofisi ya mbunge.

Siku ya tisa redio ilisema hivi: "Tumepata taarifa kutoka kwa mtu aliyefanya kazi na hakimu huyo kwa miaka mingi, kwamba asili ya familia yake ni ng'ambo, na kwamba bibi yake aliingizwa nchini kwa magendo, amefichwa kabatini." Kamati ingekaa Jumanne.

Maharage walikuwa wameyaacha. Nukta aliligundua hilo kwanza, kwa aibu ya msimuliaji aliyekatiwa kipande kizuri, kisha ndipo alipoelewa kwamba huyo "mtu aliyefanya kazi na hakimu" ni yeye. Alimjua yule hakimu tangu alipoingia kazini akiwa binti mwenye viatu vilivyokwaruzika. Hakuwahi kumkawiza hata shahidi mmoja. Hakupokea zawadi, hata kalenda. Na hakuwa akijibu maneno ya redioni, maana hakimu hajibizani na mwanasiasa. Anakaa kimya na kuacha kazi iseme. Sasa kazi ilikuwa inasema thelathini na wanane kwa arobaini na mmoja.

Akarudi nyumbani, akaketi chini ya ile saa mfu. Mkewe alikuwa anafuta vumbi.

"Hiki cheti," mkewe alisema, "nakipangusa kila wiki na sijakisoma. Walikupa kwa ajili gani hasa?"

"Ugawaji wa majalada," Nukta alijibu bila moyo. "Zamani mawakili walikuwa wanakuja masjala na meno yote nje, kila mmoja anamtaka hakimu mpole. Nikabuni njia ya kuwakomesha. Tunatazama tarakimu ya mwisho ya kitambulisho cha mshtakiwa. Moja hadi tatu, chumba cha kwanza. Nne hadi sita, cha pili. Saba hadi tisa, cha tatu. Sifuri, chumba cha nne. Hakuna wa kuchagua. Nukta."

"Na asiye na kitambulisho?"

"Rejista haipendi kisanduku kitupu. Nilikuwa naandika sifu—"

Mkewe akasubiri kitambaa kikiwa hewani.

Tangu siku ile hakulala mchana, na kwa mstaafu huo ni ugonjwa. Njia ilikuwa moja, na ilikuwa na miba pande zote. Akienda kwenye kamati angelazimika kusema kwamba habari ya kabati ameitunga, na kwamba ule utaratibu wake wa kuzuia upendeleo ndio uliozaa madai ya upendeleo. Miaka kumi na mmoja ya benchi na cheti chake, vyote kwa mkupuo. Asipokwenda, mwanamke asiye na kosa angevuliwa kazi kwa sababu ya maharage yaliyobandikwa kabatini.

Jumanne alivaa koti lake la masjala, akaenda na kujiandikisha kuwa shahidi wa habari ya kabati.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Dereva alikuwa safu ya pili, amenyoa ndevu. Hakimu aliketi peke yake kwenye meza ndogo, mikono juu ya faili lililofungwa, kama mshtakiwa yeyote. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kwenye paji, alimwita Nukta mbele.

"Wewe ndiye mwenye habari ya kabati?"

"Ndimi, mheshimiwa."

"Ni ya kweli?"

"Ni uongo. Kabati, wanaume wanne, yote. Nilikuwa nachekesha watu dukani."

Ukumbi ukavuma. Mwenyekiti akasubiri utulie. "Basi mzee, umekiri kwamba wewe ni mwongo. Tutajuaje kwamba uongo si huu wa leo?"

"Msiniamini mimi," Nukta alisema. "Leteni rejista ya mwaka jana."

Ikaletwa. Mwandiko haukuwa wake, ulikuwa wa kijana aliyemrithi; lakini sifuri zilikuwa zake. Waliomfuata walikuwa wameufuata utaratibu bila kuuliza, kama watu wanaokunja kona mahali ambapo mti ulikwisha kukatwa. Aliueleza utaratibu ule mbele ya kamati, tarakimu kwa tarakimu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakutia chumvi. Kisha akaweka kidole kwenye safu.

"Mbunge amehesabu visanduku vyenye sifuri tupu, bila namba ya kitambulisho, na kuviita wahamiaji. Hakusoma mstari mzima. Tusome. Sifuri ya kwanza: muuza mkaa, nyumba iliungua na kitambulisho ndani. Anuani, mtaa wa nyuma ya soko. Sifuri ya pili: mama wa watoto watano, mumewe amemfungia vitambulisho sandukuni. Mtaa huohuo. Sifuri ya tatu, huyu kweli ni wa ng'ambo, fundi matofali. Sifuri ya nne..."

Alisoma bila haraka. Watu walianza kutambua majirani zao. Alipofika ya kumi na saba akanyamaza, akainua macho kwenye safu ya pili, akayashusha.

"Endelea," mwenyekiti alisema.

"Dereva mstaafu. Pikapu, taa ya nyuma haiwaki. Kitambulisho kilipotea pamoja na pochi. Ameachiwa kwa onyo."

Hakumtaja kwa zaidi ya hapo. Haikuhitajika. Dereva alikuwa ameshika usukani ambao haupo, akiubana.

Walipofika mwisho, kati ya arobaini na mmoja, ishirini na sita walikuwa wenyeji waliopoteza kadi. Waliobaki kumi na watano ndio waliotoka ng'ambo. Watatu kati yao walikuwa wamerudishwa. Kumi na wawili waliachiwa, na kila hukumu ilikuwa na sababu zake zimeandikwa, kurasa sita, kurasa nane. Kamati ilizisoma hadi Alhamisi. Haikukuta upendeleo. Ikaagiza sifuri zigawanywe vyumba vyote kwa zamu. Redio iliipa habari hiyo nusu dakika, baada ya michezo. Kabati lilikuwa limepewa wiki nzima.

Hakimu alimkuta Nukta kwenye ngazi za mahakama.

"Mzee wangu," alisema, "bibi yangu alizaliwa nyumba ya tatu kutoka hapa. Unaiona? Ile yenye mlango wa bluu."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Lakini kuna kitu kinanisumbua. Tuseme angekuja kwenye kabati kweli. Na hukumu zangu ni zilezile, neno kwa neno. Leo ungekuja kusema nini?"

Nukta aliutazama ule mlango wa bluu. Hakimu alimgusa bega na kupanda ngazi kurudi kazini.

Nukta alipokuwa akielekea dukani, Dereva alimfikia kwa nyuma.

"Bado nasema mpaka ni mpaka," Dereva alisema.

"Sijasema si mpaka."

"Na wale kumi na wawili?"

"Hukumu zipo masjala. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma. Twende kesho tukazisome, unibishie ukiwa umesoma."

Dereva alipiga hatua nyingine kadhaa. "Ya kumi na saba," alisema. "Miezi yote nilikuwa nampigia kelele mtu wa kumi na saba." Kisha, baada ya kona: "Ungeweza kuniruka."

"Ningekuruka, huo ungekuwa upendeleo."

Fundi alikuwa amesikia yote kabla hawajafika. Habari ya mjini haina haja ya miguu. Alielekeza pini kwenye meza, ambako mashati ya shule yalikuwa yamepangwa, na pasi imekwisha kujazwa mkaa.

"Wewe mwenyewe uliamua ni chumvi," Nukta alijitetea kidogo.

"Nilikosea. Nimeikagua hukumu yangu, nimeifuta. Hakimu wa duka hili hapendelei mtu."

Basi yule mzee alivua koti, akapiga pasi mashati sitini, moja baada ya jingine, na hakuunguza hata moja.

Fundi amesoma hadi hapa, akiwa amesimama, pini mdomoni. Anasema mashati yalikuwa ishirini na tisa, na kola ya shati la saba bado ina alama ya kahawia, amelileta kama ushahidi. Tena anauliza huyu "mzee mmoja" ni nani, maana kwenye benchi hili mwenye mwandiko wa karani ni mmoja tu, na wino uko kidoleni mwake. Nimemweleza kwamba sitini ni chumvi. Amesema sitini ni uongo, na rufaa imekataliwa. Dereva, mwenye furaha ya mtu aliyesubiri miaka kumi na mmoja, anapuliza mkaa. Leo ni sketi. Nimezihesabu mara mbili, mbele yao: arobaini na moja.