Pindo la Shati la Lorna

Siku mke wangu Lorna alipokufa, supu ya viazi iliungua. Ilikuwa Jumanne ya Aprili, theluji ya mwisho ikidondoka kutoka kwenye mabati, naye alikuwa ametoka kuchukua barua kando ya barabara. "Usijaze vitunguu, Orrin," aliniambia akivuta mlango. Nikavipunguza. Alipokawia nilichungulia dirishani, nikaona kisanduku cha barua kiko wazi na yeye yuko chini. Moyo, alisema daktari. Kwa wiki nzima nyumba ilinuka moshi.

Mwindaji alikuwa yeye; mimi nilipika. Kila Desemba, kwa miaka thelathini na moja, alipanda na kaka yake Wendell hadi kwenye kibanda cha ukoo wao msituni, nami nikawafuata na masufuria. Ukuta mmoja wa kibanda kile umejaa vipande vya nguo. Mtu wa ukoo akimkosa kulungu, hukatwa pindo la nyuma la shati lake, likapigiliwa hapo na jina na mwaka. Lorna alikuwa na kipande kimoja tu, cha 1981, tulipokuwa hatujajuana bado: nusu ya pindo la shati la sufu, jekundu lenye miraba. Shati lenyewe hakuacha kulivaa. Mara nyingi nilitaka kulitia kiraka.

"Liache," alikuwa akisema. "Hilo pengo nimelitolea jasho."

Mwezi wa Mei Wendell alikuja, akasimama chini ya bunduki ya Lorna iliyotundikwa juu ya mlango. Ilikuwa ya baba yao.

"Shemeji, bunduki isiyopigwa huota kutu. Nipe nikae nayo. Wewe na bunduki ni kama kuku na baiskeli."

"Nitaipiga mwenyewe."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniangalia, akaona sicheki. "Haya. Mpaka Desemba. Usipopiga kulungu, naibeba."

Nilikuwa na miaka hamsini na tisa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nikifuta vumbi ukutani pembeni ya bunduki ile, yenyewe siigusi.

Kwenye uwanja wa shabaha alifundisha mama mmoja, Verna, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alinifundisha kwanza kuifungua bunduki na kutazama ndani, nihakikishe hamna risasi, hata kama yeye ametoka kutazama sasa hivi. Kisha nikalala kifudifudi nyuma ya mfuko wa mchanga.

"Babu, unalenga au unakumbatia? Huyo si mkeo!"

"Ni ya mke wangu," nikasema. "Marehemu."

Akachuchumaa kando yangu, akakisogeza kitako cha bunduki vizuri begani mwangu. "Basi ikumbatie sawasawa," akasema.

Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu, nikaizuia. Mlio ulinipiga kifuani. Karatasi ya shabaha haikupata hata mkwaruzo, lakini nilipokuwa nikilenga sikuwa nimekiona akilini kile kisanduku cha barua kilicho wazi. Tangu Aprili sikuwa nimepata dakika nzima kama ile.

Jumamosi iliyofuata nikarudi, na nyingine tena. Kufikia Agosti nilikuwa nimejinunulia bunduki ndogo ya mazoezi, na nilikuwa nawachosha majirani kwa habari za upepo na uzito wa risasi. Nilizitambua bunduki za wenzangu kwa milio yake. Nyumba ikaanza kunuka mafuta ya kusafishia mtutu, na harufu ile ilikuwa ya Lorna.

Desemba nilikaa chini ya mti ambao Lorna alizoea kuvizia, bunduki yake mkononi, nimevaa shati lake, na juu kizibao cha rangi ya machungwa ili wawindaji wengine wanione. Kulikuwa kumepambazuka vizuri dume la kulungu lilipotoka kwenye misonobari, hatua sitini hivi. Nilitoa pumzi nusu. Nikafyatua. Theluji iliruka nyuma yake. Likanitazama, likaondoka kama lililokumbuka shughuli nyingine.

Wendell alikuja, tukatafuta damu pamoja kwa muda mrefu. Hatukuona tone wala unyoya.

"Umelikosa kabisa?"

"Kabisa."

Nilishukuru kwamba halikuumia. Kisha nikakumbuka sharti la bunduki, na njia yote ya kurudi niliishika kama mtu anayeaga.

Kibandani Wendell alichukua mkasi. "Geuka."

"Wendell, hili shati si langu."

Alilitazama, akalitambua. Mkasi ukashuka kidogo.

"Naliona," akasema. "Sikiliza, Orrin. Mgeni hakatwi. Ningekuwa nataka hiyo bunduki, ningekumiminia kahawa, nikakuambia pole, nikaibeba."

Nikageuka, akaikata nusu ya pindo iliyobaki. Sufu ile ni nzito, ilikatika polepole. Alikipigilia kile kipande kando ya kile cha 1981, miraba ikakutana na miraba, akaandika jina langu kwa kalamu ya seremala. Nilikaa kwenye benchi, nikaanza kucheka. Naye akacheka.

"Na sasa tupikie," akasema. "Bado wewe ndiye mpishi."

Bunduki ya Lorna imerudi juu ya mlango wa nyumbani. Jumamosi naenda uwanjani. Shati nalivaa kila baridi inapoanza, na siku hizi upepo unaniingia mgongoni pande zote mbili.