Gari Lililogeuzia Mtaroni

Serikali ilipoingia ubia na kampuni kujenga barabara kubwa ya kulipia, mdogo wangu alipata kazi ya kuendesha gari la matangazo. Alivimba kichwa, msiulize. Akiwa mezani kwangu alikuwa akiomba chumvi kwa ile sauti ya kwenye kipaza, nami nikawa namwita Mheshimiwa.

Wabia waligawana kazi ya kuwaarifu watu. Eneo letu limekatwa na mtaro mkubwa: upande wa juu ya mtaro ilikuwa kazi ya serikali, wa chini ya kampuni. Kwa hiyo Mheshimiwa akifika mtaroni anageuza gari. Sisi wa chini tulisikia muziki wake kwa mbali, maneno hatuyapati, tunasema tu, yule anapita. Kwetu kampuni ilisimamisha mabango yenye picha ya barabara na watoto wanaocheka, na chini yake anwani ya tovuti ya kuulizia maswali. Nani angeuliza, na hakuna aliyetuambia kuna la kuuliza?

Makaburi yalikuwa upande wetu, chini ya mtaro. Binti yangu alilazwa pale kabla hajajua kutembea. Nilikuwa naenda kung'oa magugu kila nikipata nafasi, na asubuhi moja nilienda na jembe langu nikakuta ardhi imesawazishwa, katapila limeegeshwa juu yake. Nilikaa chini palepale.

Ofisini afisa mawasiliano wa kampuni alinipa kiti na maji. Binti mpole, hata kumkasirikia nilishindwa.

"Pole sana, mama. Makaburi ni mali ya umma, kwa hiyo kutangaza ilikuwa kazi ya wenzetu wa serikali."

Nikaenda kwa wenzao. Bwana mmoja alifungua ramani akaweka kidole.

"Hapa ni chini ya mtaro, mama. Hapo ni kampuni."

Walirushiana mpira, na mpira wenyewe ni mwanangu.

Jioni mdogo wangu alikuja. Kumbe wa juu walitangaziwa kwamba makaburi yatahamishwa, wakaja kuchukua marehemu wao wakawazike upya. Na yeye katikati ya siku hizo alikuwa akila kwangu, anatafuna, ananitazama, hasemi.

"Ulijua?"

"Nilijua, dada. Nilidhani kampuni imeshawaambia. Nilikuona umenyamaza, nikasema unaumia, nisikutoneshe kidonda."

Alilia mpaka kwikwi zikamshika. Nilitaka kumpiga. Nikampa kitambaa, maana ni mdogo wangu na nilimlea mimi.

Kesho yake alinipeleka kwenye makaburi mapya. Wote waliokosa wa kuwachukua walizikwa pamoja, chini ya zege moja pana. Msimamizi wa kazi alikuwa pale, ameshika kofia yake mkononi.

"Nani alimbeba mwanangu?" nikamuuliza.

"Vibarua, mama."

"Yupi?"

"Walikuwa wengi. Wengine wameshahamia kazi nyingine."

Aliona haya, nikamwacha. Niliinama nikaweka kiganja juu ya zege, sikujua niweke upande gani. Mwanangu alikuwa hakubali kubebwa na mtu asiyemjua. Alikuwa analia, ananyoosha mikono, mpaka nije nimchukue mimi.